Dirisha la Kijani la Shuangtan Lazinduliwa

Kwa mamlaka niliyopewa, na mbele ya umati huu mkubwa, natangaza rasmi kwamba birika la umeme la ukumbi wa kusubiria wa jengo hili limechemka. (Makofi.) Limechemka, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe, na kuanzia leo mwekezaji yeyote, awe wa ndani au wa nje, atakayeketi hapa kuisubiri haki yake, ataisubiri akiwa na maji ya moto mkononi. (Makofi marefu. Katibu Qiu, aliyepewa kazi ya kuyaanzisha makofi, anaonekana kuridhika.)

Mheshimiwa mwakilishi wa Meya wa Shuangtan, Meya ambaye mwenyewe angependa sana kuwa hapa lakini yuko kwenye uzinduzi mwingine, mheshimiwa mwakilishi wa Mkuu wa Eneo la Maendeleo, aliyekuja kwa niaba ya yule aliyetakiwa kuja kwa niaba, Mwenyekiti Lei Dingshan, mmiliki wa ghala la baridi la mji wetu, ghala ambalo ni la kwanza kwa ukubwa hapa Shuangtan kwa kuwa hakuna la pili, na mfadhili wa viti mlivyokalia, zulia nililosimama juu yake na ua hili la hariri lililopo kifuani mwangu, wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, na wakurugenzi wasaidizi ambao barua zao ziko njiani, wazee wangu wa mtaa wa Mashariki, mliofika mapema hivi baada ya kuahidiwa dumu la mafuta ya kupikia kila mmoja (Sauti ya mzee: “Yako wapi?”), yapo, mzee wangu, yako kwenye mchakato, mgeni wetu kutoka nchi ya mbali ya Chile, Bibi Rosalba Pastene, na mshirika wake katika biashara, mwenyeji wa hapa hapa, Dada Tu Yueqin, ambaye namwomba kwa unyenyekevu asiseme kitu mpaka nimalize, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Dada Tu: “Mkurugenzi Ge, mbona sijafungua mdomo?” Kicheko upande wa wazee.)

Ni kweli, hajafungua, lakini tunafahamiana.

Mimi, Ge Zhaolin, Mkurugenzi wa Ofisi ya Kuratibu Ushindani wa Haki na Ukarimu kwa Wawekezaji wa Nje, niliposhika nafasi hii nilijiuliza swali ambalo viongozi wengi huogopa kujiuliza: je, mwekezaji wa nje akidhulumiwa sokoni, anakwenda wapi? Nikafanya upembuzi yakinifu, nikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikasafiri kwenda kujifunza katika miji mitatu ya pwani yenye vyakula vizuri vya baharini, na baada ya kurejea na kupona matumbo, ikaleta jibu moja lenye kina: anakwenda dirishani. Tatizo likabaki kwamba dirisha halikuwepo. Leo tatizo hilo linaingia kwenye historia. Katibu Qiu, vuta kitambaa!

(Kitambaa chekundu kinavutwa. Ukutani, nyuma ya utepe unaowazuia watu wasisogee, linaonekana dirisha kubwa la kijani lenye kioo safi, na ndani yake dada aliyevaa sare, anatabasamu. Makofi. Wazee wanasimama ili waone vizuri.)

Tazameni! Dirisha la Kijani! Kituo kimoja cha huduma jumuishi, za kidijitali, shirikishi na endelevu! Na mtazameni mhudumu wake, jinsi anavyotabasamu. Ametabasamu hivyo tangu asubuhi, hajachoka, hajaangalia simu, hajaenda kula. Nawahakikishia mhudumu huyu hatachukua likizo, hatauliza una undugu na nani, wala hatapokea bahasha ya mtu yeyote. Nani katika wilaya za jirani anaweza kusimama na kusema hayo kuhusu wafanyakazi wake? (Hakuna anayesimama.)

Sasa niingie kwenye kiini cha hotuba, yaani changamoto. Watafiti wetu wamebaini kwamba asilimia tisini na sita ya changamoto za wawekezaji wa nje hutokana na wawekezaji wenyewe kuwa wa nje. Mwekezaji anafika, anasoma sheria ya nchi yetu inayopinga ukiritimba, anakuta imeandikwa kwamba mkubwa wa soko asimbane mdogo, kwamba wa nje na wa ndani wapimwe kwa mizani moja, na kwamba ofisi za serikali zisimpendelee mfanyabiashara wa nyumbani. Halafu, kwa ugeni wake, anaamini kwamba jambo likiandikwa limeshafanyika. Ndugu zangu, sheria ile tunaiheshimu mno. Tunaiheshimu kiasi kwamba hapa Shuangtan tumeiweka kwenye fremu yenye kioo, mahali pa juu, ambapo mkono wa mtu wa kawaida haufiki.

Na kuhusu usawa tumekwenda mbele kuliko sheria yenyewe. Zamani mwekezaji wa nje alisubiri miezi na wa ndani alisubiri wiki. Nilipoingia nikasema, hapana, huu ni ubaguzi. Sasa wote wanasubiri miezi. (Makofi ya Katibu Qiu.)

Nitoe mfano hai, na mfano wenyewe uko hapo nje, ndio huo unaounguruma. (Kupitia milango iliyo wazi unasikika mngurumo wa mashine ya baridi ya kontena lililoegeshwa uani juu ya lori.) Bibi Pastene alikuja kwetu na mtaji wake, akajenga kiwanda kizuri cha kupanga na kufungasha matunda, akaajiri vijana wetu. Sasa Mwaka Mpya umekaribia, na sote tunajua kwamba siku hizi mtu hawezi kwenda kumsalimu mama mkwe bila boksi la cheri nyekundu, kubwa, za kutoka Chile. Bibi Pastene amezileta. Zimo mle kwenye kontena. Na kontena, kwa mujibu wa mkataba na bandari, linatakiwa lirudi leo jioni likiwa tupu. Kwa hiyo cheri zinahitaji ghala la baridi kabla ya jua kuzama, la sivyo kwa hili joto letu la kusini zitageuka mchuzi. Hiyo ndiyo hali halisi, nami siifichi, kwa kuwa ofisi yangu ni ya uwazi.

Sasa, Bibi Pastene ana uhuru kamili wa kuchagua ghala lolote kati ya yaliyopo, na lililopo ni moja. Mwenyekiti Lei naye, kama mdau mkongwe, amempa masharti ya kirafiki: cheri ziingie ghalani, lakini ziuzwe na kampuni ya Mwenyekiti, kwa jina la Mwenyekiti, na Bibi Pastene abaki na heshima ya kuzileta. Wakati huohuo amewashauri wenye maduka wote wa mji huu wachague moja kati ya mawili: wauze cheri za Bibi huyu, au waendelee kuweka nyama na samaki wao kwenye ghala lake. Wote, kwa hiari yao, wamechagua samaki.

(Dada Tu: “Hiyo ndiyo tunayoilalamikia, Mkurugenzi! Sheria imeikataza kabisa, ‘chagua moja kati ya mawili’, hata mtoto wa shule anaijua.” Mwenyekiti Lei, aliyeketi safu ya mbele, anachukua cheri kwenye sahani ya meza kuu na kuitafuna taratibu.)

Dada Tu, tuheshimiane. Nani amesema ni kosa? Ushindani maana yake watu washindane. Wameshindana. Mwenyekiti Lei ameshinda. Ushindani ukishapata mshindi, unataka nini tena? Wataalamu wangu wameeleza kitaalamu kwamba soko lenye mshindani mmoja ndilo lenye utulivu wa hali ya juu, kwa kuwa hakuna wa kugombana naye. (Mwenyekiti Lei anatikisa kichwa kukubali na kutema kokwa kwenye tishu.) Na cheri hizi, nikiri, ni tamu. Bibi Pastene, asante kwa sahani hizi. Hatukuziomba, zilichukuliwa tu na Katibu Qiu.

Ila huo mngurumo unanikata maneno. Dereva! Hebu zima hiyo mashine mpaka nimalize hotuba.

(Dada Tu, kutoka mlangoni: “Asizime mtu! Ukizima inaharibika yote.”)

Dakika chache tu, dada yangu.

(“Dakika zako tunazijua, kaka. Mwaka jana ulizindua kivuko cha watembea kwa miguu, tukavuka giza limeingia.” Kicheko kikubwa. Mwakilishi wa Meya anacheka pia, kisha anakumbuka anamwakilisha nani.)

Basi iachwe, nami nitapaza sauti, kwani kiongozi bora hubadilika kulingana na mazingira.

Sasa tufike kwenye kilele cha shughuli hii, yaani bendera ya shukrani. Kama mjuavyo, ofisi iliyomsaidia mwananchi hutunukiwa naye bendera ya mahameli nyekundu yenye pindo la dhahabu, ikatundikwa ukutani, na wakubwa wakija kukagua wanahesabu bendera. Ukuta wangu una nafasi. Kwa hiyo tulimwelekeza Bibi Pastene, kupitia Dada Tu, kwamba utaratibu wa kupokelewa lalamiko lake unaanza na bendera. Bibi Pastene ametengeneza bendera, tena nzuri. Namwomba apite mbele. Wapiga picha, karibuni. Naisoma, imeandikwa: “Kwa Ofisi ya Mkurugenzi Ge, iliyofungua dirisha ikaingiza upepo wa haki.” Maneno haya hatukumlazimisha. Tulimpa matatu achague.

(Makofi. Bibi Pastene amefika mbele, mkono wa kushoto bendera, mkono wa kulia karatasi za lalamiko. Mkurugenzi anashika bendera. Bibi Pastene haiachii.)

Nifafanue kwa faida ya waandishi wa habari: kwa mujibu wa mwongozo wetu wa takwimu, bendera moja inayopokelewa inahesabika kuwa lalamiko moja lililotatuliwa kwa kuridhika. Kwa maana hiyo, ndani ya dakika hii, Dirisha la Kijani linafikia kiwango cha mafanikio cha asilimia mia moja, rekodi ya mkoa mzima, na faili la cheri linafungwa rasmi. Bibi Pastene, achia kidogo.

(Dada Tu anamfikia mwenzake mbio na kumnong’oneza kwa Kihispania. Bibi Pastene anasikiliza, kisha anaivuta bendera kwake. Mkurugenzi anaivuta kwake. Wapiga picha wanapiga.)

Kuna nini? Mwambie aachie.

(Dada Tu: “Anauliza, kama faili limefungwa, hizi karatasi alizoshika anampa nani?”)

Hana haja ya kumpa mtu, kesi imekwisha! Ameshukuru.

(“Hajashukuru bado, bendera anayo mwenyewe.” Bibi Pastene, kwa Kichina chake cha kiwandani: “Dirisha kwanza. Bendera baadaye.” Wazee wanapiga makofi bila kumsubiri Katibu Qiu.)

Dirisha lipo, mama, unaliona kwa macho yako, lakini dirisha hufunguliwa baada ya hotuba. Hii ni itifaki, siyo mimi. Rudi ukae. Kaa na bendera yako, iwe imepokelewa kimsingi.

(Bibi Pastene harudi kukaa. Anasimama kando ya utepe, akimwangalia mhudumu wa dirishani. Mhudumu anatabasamu.)

Nakuja kwenye matarajio ya mageuzi. Yako mengi na yote ni mazuri. Katika awamu ya kwanza tutaunda jukwaa la wadau. Katika awamu ya pili jukwaa litajengewa uwezo. Katika awamu ya tatu tutapitia kanuni zetu za wilaya, moja baada ya nyingine, ili kuona ni ipi inayompendelea mfanyabiashara wa nyumbani, na ikionekana, itabadilishwa jina. Tutakuwa na simu ya bure kwa wawekezaji wa nje, itakayojibiwa kwa lugha saba, na katika kila lugha mwekezaji ataambiwa asubiri. Tutapeleka kila ghala la baridi kwenye tathmini ya ushindani, na ili tathmini iwe ya watu wanaolielewa soko, Mwenyekiti Lei amekubali kuiongoza. (Mwenyekiti Lei anainuka nusu, anainamisha kichwa, anaketi.) Mwekezaji wa nje atakayefika hapa mwaka kesho kutwa atakuta...

Mbona safu ya nyuma imepungua? Wazee wa mtaa wa Mashariki wamekwenda wapi?

(Sauti ya Dada Tu inatokea uani: “Njooni, njooni! Cheri ya Chile, kubwa kama jicho la ng’ombe, imeshuka melini, haijashikwa na dalali! Shangazi, chukua maboksi mawili, moja la mama mkwe, moja la kula mwenyewe na kujifungia ndani! Onja kwanza, usinunue kwa macho!” Sauti ya mzee: “Dukani kwa Lei zilikuwa bei gani mwaka jana?” “Usinikumbushe, mzee wangu, nitalia.” Kicheko. Safu ya tatu inatoka. Safu ya pili inasita, kisha inatoka pia, viti vinagongana.)

Ndugu wananchi! Ndugu wananchi, shughuli haijaisha! Mafuta ya kupikia hayajatolewa!

(Sauti ya mzee kutoka uani: “Yaache kwenye mchakato!”)

(Mwenyekiti Lei anamsogelea Mkurugenzi na kusema jambo sikioni. Kipaza sauti kinanasa maneno manne ya mwisho: “...au viti vyangu navichukua.”)

Ehe. Ndugu zangu mliobaki, kiongozi hapendi kutumia nguvu, lakini sheria ni msumeno unaokata hapa hapa uani. Kuuza bidhaa juu ya lori bila kibali ni kuvuruga soko, ni kuwaonea wenye maduka walioamua kwa hiari yao kutouza, ni ushindani usio wa haki, na ofisi yangu iliundwa mahsusi kupambana nao. Mgambo! Nenda ukafunge mlango wa lile kontena. Usifunguliwe mpaka mwenye mali apate kibali cha kuuza.

(Mgambo anatoka. Zinasikika kelele. Dada Tu: “Usiniguse, kijana wa mama Peng! Mama yako kanunua boksi sasa hivi, muulize!” Mlango wa kontena unafungwa kwa kishindo. Mgambo anarudi na kupiga saluti. Shavu lake moja limevimba, kisha anatema kokwa.)

Asante, mgambo. Na sasa mtaona utu wa ofisi hii, kwani sikufunga mlango bila kufungua mwingine. Kibali cha kuuza kinatolewa, tena bure, kwa wakati mmoja, bila kuzungushana, mahali pamoja tu katika Shuangtan nzima, napo ni kwenye Dirisha la Kijani. Bibi Pastene, umesikia? Jua bado lipo. Kibali chako na lalamiko lako vyote ni vya dirisha hili, na dirisha liko hatua chache kutoka ulipo. Hakuna wilaya nyingine katika mkoa huu inayomleta mwekezaji karibu na haki kiasi hicho.

(Dada Tu ameingia, jasho linamtoka, na kumtafsiria. Bibi Pastene anaushusha utepe kwa mkono na kuuvuka.)

Ngoja, mama, bado kauli mbiu! Katibu Qiu, wapange watu. Wamebaki wangapi? Haya, hao hao. Tuseme pamoja, kwa nguvu! Ushindani wa Haki! (Katibu Qiu na Mgambo: “Juu!”) Ukiritimba! (Mwakilishi wa Meya: “Juu!” Anarekebishwa.) Mwekezaji wa Nje ni Ndugu! (“Ni ndugu!”) Dirisha Moja, Jibu Moja! (“Jibu moja!” Mwenyekiti Lei ndiye anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote.)

(Bibi Pastene amefika dirishani. Anamsalimia mhudumu. Mhudumu anatabasamu. Anamwonyesha karatasi. Mhudumu anatabasamu. Anazisukuma karatasi kwenye uwazi ulio chini ya kioo. Karatasi zinakunjamana na kuanguka miguuni pake. Anagonga kioo kwa kidole. Mlio ni wa mbao.)

Nimalizie kwa shukrani, maana ofisi isiyoshukuru haikui. Namshukuru mwakilishi wa Meya. Namshukuru Mwenyekiti Lei kwa viti, na kwa moyo wake wa kuzipokea cheri za kontena lile ghalani kwake jioni hii, kwa masharti yale yale ya kirafiki. Nawashukuru wataalamu wangu, ambao ujenzi wa dirisha lenyewe wameuweka kwenye bajeti ya mwaka ujao, au unaofuata, kutegemea hali. Na kwa namna ya pekee naishukuru studio ya picha za harusi iliyoko kando ya soko, iliyotuchapia Dirisha la Kijani usiku wa kuamkia leo kwenye ubao wao mkubwa, na kutuazima kwa moyo mmoja. Upande wa pili wa ubao huo una picha ya ziwa na mabata, na wameniomba niwakumbushe kwamba saa tisa kuna maharusi. Kwa hiyo vijana wa studio, mnaweza kuchukua. Taratibu, msiukwaruze. Mabibi na mabwana, asanteni sana kwa kunisikiliza, na maji ya moto yapo.

(Vijana wawili wanaunyanyua ubao, pamoja na dirisha, kioo na mhudumu, wanaupitisha mbele ya Bibi Pastene na kutoka nao mlangoni. Nje, kontena linaunguruma. Ulipokuwa ubao pana ukuta.)